Bunduki Niliyoiruka

Bunduki ya baba niliiruka. Nasema mapema, asije mtu akasoma mpaka katikati akadhani kuna kitu ninachoficha. Niliiruka mchana, jua likiwaka, nina beseni la mihogo iliyolowekwa kichwani na maji yake yananichuruzika shingoni. Bunduki ilikuwa imelazwa kwenye kizingiti cha jiko ikikaushwa baada ya mvua, imefunguliwa, haina risasi ndani. Ningeinama kuiondoa, beseni lingemwagika. Nikainua mguu, nikavuka, nikaenda kuanika mihogo yangu.

Kwetu Fizi, milimani juu ya ziwa, mwanamke haruki bunduki ya kuwindia. Haruki mkuki, haruki wavu, haruki hata mbwa wa mawindo aliyelala. Akiruka, silaha inalala usingizi: mnyama anakuja, mwindaji anafyatua, na chuma kinakataa. Nimelisikia hilo tangu nanyonya. Nililisikia kwa bibi, nikalisikia kwa mama kabla hajafariki, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuniambia chuma kinajuaje aliyepita ni nani.

Wakati huo nilikuwa nimerudi kwa baba na watoto wangu wawili. Mume wangu alibaki Lulimba kwenye mashimo ya dhahabu, yeye na chupa yake na mwanamke mwingine. Niliwapakia watoto kwenye pikipiki nikaja. Sasa, mwanamke aliyerudi kwao hana kosa moja, ana yote. Kuku asipotaga ni yeye, mvua ikichelewa ni yeye, na mvua ikizidi pia ni yeye, kwa nini alirudi wakati wa mvua? Niliyajua hayo kabla sijapanda pikipiki, na nikapanda. Nikajitafutia kazi ya mawese: nanunua mafuta kwa wenye michikichi, nayatia kwenye bidoni, yale madumu ya plastiki, nateremka nayo Baraka sokoni, narudi na chumvi na ndagala, wale samaki wadogo wa ziwa. Watoto walikula. Sikumwomba mtu.

Baba alikuwa na kalibre duze, bunduki ya kuwindia ya mtutu mmoja, yenye karatasi zake zote ndani ya mfuko wa plastiki. Najua mtu wa mbali akisikia bunduki na Fizi kwa pamoja anafikiria nini: vita. Afikirie anachotaka. Nakataa bunduki zote za Fizi zitiwe kwenye gunia moja. Ile ya baba ilikuwa ya nguruwe pori, wale wanaoingia kwenye mihogo yako na kuliacha shamba limechimbuliwa kana kwamba umeajiri vibarua. Mashamba ya juu, kule mlimani, yalikuwa yanalindwa na bunduki hiyo moja, na wenye mashamba walimheshimu baba kwa sababu hiyo. Nyama ilipopatikana, kila jirani alipata kipande chake, na hakuna aliyekuja kuuliza karatasi.

Macho ya baba yalipoanza kuingia ukungu, akaamua kumfundisha mdogo wangu wa kiume, ambaye tayari alikuwa na ndevu na mchumba. Somo lilifanyika uani. Mimi nilipewa sahani nishike, ili skrubu zisipotee mchangani. Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yangu: kushika sahani na kunyamaza. Mikono ilishika, masikio yalikuwa na kazi yake.

“Sikiya muzuri,” baba alimwambia mdogo wangu. “Batu banafikiri bunduki njo iko na nguvu. Hapana. Nguvu iko mu risasi. Bunduki kazi yake ni kuamusha risasi na kuionesha njia.”

Akachukua risasi iliyokwisha kuharibika kwa maji, akaipasua kwa kisu, akatuonyesha. Ile plastiki nyekundu ni kopo tu. Chini ina kitako cha chuma cha manjano, na katikati ya kitako kuna kidoti kidogo cha mviringo: hiyo ndiyo fataki. Juu ya fataki kuna baruti. Juu ya baruti kuna kizibo. Juu ya kizibo zimepangwa gololi za risasi, ambazo sisi tunaziita shevrotini. Baba alizimimina kwenye sahani yangu zikagonga.

Kisha akaieleza bunduki yenyewe, na nitaeleza alivyoeleza, kwa sababu tangu siku hiyo sijasikia mtu akieleza vizuri zaidi. Bunduki ya aina hii unaivunja kiunoni: unasukuma kishikizo, mtutu unainama, na nyuma yake unaona tundu. Risasi inakaa humo. Unafunga. Nyuma ya tundu kuna ukuta wa chuma, na kwenye ukuta huo kuna kitobo chembamba ambamo umelala msumari, mfupi kuliko kidole cha mtoto. Nyuma ya msumari, kwa nje, kuna nyundo. Ukiivuta nyundo nyuma kwa dole gumba, ndani unakaza resori, ile springi yake, mpaka nyundo inashika na kutulia. Hapo bunduki iko tayari, na hapo ndipo unapoanza kuiogopa.

“Sasa kidole,” baba akasema. “Kidole hakipige risasi. Kidole kinaachilia tu.”

Ukivuta kifyatulio, unachofanya ni kuondoa kizuizi. Resori inairusha nyundo, nyundo inaugonga msumari, msumari unateleza kwenye kitobo chake, ncha inatokeza upande wa pili na kuichoma fataki. Fataki inatoa cheche. Cheche inaingia kwenye baruti, na baruti haiungui polepole kama kuni. Yote inageuka moshi mara moja, moshi mwingi usiotosha humo ndani. Unatafuta pa kutokea, na pa kutokea ni mahali pamoja tu, mbele. Unakisukuma kizibo, kizibo kinazisukuma shevrotini, na yote yanatoka kwenye mdomo wa mtutu. Kinachosukuma mbele kinasukuma na nyuma, ndiyo maana bega linapigwa, na anayeshikilia bunduki mbali na bega kwa woga ndiye anayeumia zaidi.

Mdogo wangu alikuwa anaitikia, lakini jicho moja liko kwenye simu. Baba alimnyang’anya simu akaiweka kwenye sahani yangu, juu ya shevrotini.

“Bunduki iko na risasi siku yote,” akaendelea, “hata ile siku unajua haina. Mudomo yake hauielekeze muntu, hata kwa kucheka. Kidole hakiingie mpaka umeona nyama yote, si masikio tu. Na ujue nani iko nyuma ya nyama. Na ukifyatua ikakatala, usifungue mbio mbio. Ielekeze mahali hakuna muntu, ngoja. Kuna fataki zinachelewa.”

Mwisho akasafisha. Zamani alitumia mafuta ya cherehani yanayotoka Uvira, lakini barabara ilifungwa, chupa ikaisha, na barabara ilipofunguliwa hakuna aliyekumbuka chupa. Kwetu ukiishiwa na mafuta yoyote, mawese yapo. Mawese yanapikiwa, yanapakwa panga lisishike kutu, yanapakwa bawaba, yanapakwa mtoto mwenye ngozi kavu. Babu alipaka gobore lake mawese maisha yake yote. Baba alichovya unyoya wa kuku kwenye kichupa chekundu, akapaka mtutu, akapaka nyundo, kisha akadondosha matone kwenye kile kitobo cha msumari, kwa upendo kabisa, mpaka yakafurika. Nilikuwa nimeshika sahani na nikaona kwa macho yangu.

Siku chache baada ya somo hilo, na baada ya mimi kupita na beseni, mdogo wangu alipanda mlimani na bunduki kulala kwenye kibanda cha shamba. Kule juu alfajiri ni baridi ya kuumiza meno, ukungu unaingia mpaka ndani ya blanketi. Aliitundika bunduki nje, chini ya paa. Kulipopambazuka nguruwe dume alikuwa kwenye mihogo. Mdogo wangu akalenga vizuri, akavuta. Ikasema *tk*. Akavuta nyundo tena, akafyatua tena. *Tk*. Nguruwe akageuka, naye si mnyama wa kungoja uongee naye. Alimpasua paja kutoka goti kwenda juu. Wenye mashamba ya jirani walisikia kelele, wakamfukuza nguruwe kwa mapanga na moto, wakamteremsha mdogo wangu kwenye kipoyi, machela ya miti iliyofungwa kwa kitenge.

Alishonwa hospitalini, akaishi. Nililala pembeni yake nikimpepea nzi, na nililia kwa sababu ni mdogo wangu, nilimbeba mgongoni alipokuwa mdogo. Nataka hilo lijulikane kabla ya yanayofuata.

Yaliyofuata ni baba mdogo. Ndugu huyu wa baba anaishi Baraka, ana mtumbwi wa mashine unaobeba mizigo ziwani, na ukoo mzima humsikiliza kwa sababu kwenye kila msiba huja na mchele. Si mtu mbaya. Aliamini anachokiamini kwa moyo wake wote, na huo ndio ugumu wa kubishana na mtu wa namna hiyo. Alipanda kwa pikipiki, akaketi uani pamoja na baba na wazee wawili wa ukoo, akauliza nyumba nzima swali moja.

“Nani aliruka hii bunduki?”

Wanawake wote wa ukoo wetu, wakiulizwa swali hilo, husema si mimi. Mimi nilikuwa najua kilichotokea kwenye kizingiti na sikuona sababu ya kudanganya.

“Ni mimi niliruka, baba mudogo. Ilikuwa kwa mulango ya jiko, na nilikuwa na beseni.”

Msema kweli mpenzi wa Mungu, wanasema. Wa ukoo si lazima.

“Unajua yenye umefanya?” akaniuliza. “Muguu ya ndugu yako, ni we uliipasua.”

“Ni nguruwe aliipasua.”

“Usinijibu!”

“Uliniuliza.”

Hukumu ilitoka hapo hapo. Mdogo wangu atakaposimama kwa mguu wake, mimi na watoto wangu tutoke katika nyumba ya baba, kwa sababu nyumba haiwezi kuwa na vyote viwili, bunduki na mwanamke kama mimi. Ningekwenda wapi, hilo halikuwa swali lao. Lulimba kwa mume, pengine, nikaombe nafasi pembeni ya chupa. Bunduki itateremka Baraka na baba mdogo, ipumzike mbali na mimi.

Nilimtazama baba. Baba aliitazama miguu yake. Hilo liliniuma kuliko hukumu yenyewe, na sitalipaka sukari: nilimchukia baba siku hiyo, kuanzia mchana mpaka jua kuzama. Mwenye nguvu mpishe, nao ni msemo. Nilisimama katikati ya ua na sikumpisha mtu, mpaka wao ndio wakanizunguka kwenda kupanda pikipiki.

Haikupita wiki, mdogo wangu akiwa amerudi nyumbani kutoka hospitalini, simu yake ikalia, picha imeingia. Baba mdogo amesimama kando ya ziwa, jua kali, bunduki begani na kanga wawili mkononi. Alikuwa ametuma na sauti: “Unaona sasa? Mbali na ule mwanamuke, inalia mara ya kwanza tu.” Mdogo wangu aliisikiliza ile sauti mara mbili, halafu akanitazama kwa macho ya mtu anayetaka kuniamini na hawezi. Hapo niliogopa. Nilijiuliza kama kweli kuna kitu kwenye miguu yangu. Nikawatazama watoto wangu wakicheza na kifuniko cha sufuria, na nikakasirika tena, na hasira ikanifaa kuliko woga.

Jibu lilikuja asubuhi moja nikiwa kazini. Jirani alikuja mapema na chupa yake kununua mawese. Nikainamisha bidoni, hakuna kitu. Mafuta yalikuwa yameganda. Ni jambo la kila asubuhi ya baridi. Nikaisogeza bidoni karibu na moto kama siku zote, nikangoja yalegee. Na nilipokuwa nangoja nikakumbuka wateja wangu wa Baraka, wanaolalamika kila siku kwamba mafuta yangu ni mepesi kama maji, eti nimeyachanganya. Nawaambia, wamama, ni joto la kwenu. Mafuta ni yale yale. Fizi yanalala, Baraka yanaamka.

Nikabaki nimeshika chupa ya jirani. Baraka bunduki inalia. Mlimani inakataa.

Gobore la babu lilikuwa na kila kitu nje, mawese yakiganda unayafuta kwa kidole. Lakini msumari wa bunduki ya baba umelala ndani ya kitobo chembamba, na kitobo kimejazwa mawese. Alfajiri ya mlimani msumari huo uko kwenye ugali. Nyundo inaugonga, unakwenda polepole, unafika kwenye fataki umechoka, unaigusa tu. *Tk*. Nilicheka kwa sauti, jirani akadhani namcheka yeye. Kisha nikaacha kucheka, kwa sababu nilikumbuka unyoya ulikuwa mkononi mwa nani.

Nilimkuta baba uani anasuka mkeka.

“Baba, ile bunduki ulipaka mafuta gani?”

“Mawese. Sawa vile baba yangu alikuwa anapaka.”

Nikamweleza yote, kuanzia bidoni mpaka msumari. Nilimwambia pia kwamba nitayasema mbele ya baba mdogo na wazee, na kwamba nikiyasema, mguu wa mtoto wake utatoka kwangu na kwenda kwake. Nilitaka asikie kwangu kwanza, faraghani. Sikwenda kuomba ruhusa. Vidole vyake viliendelea kusuka, polepole zaidi. Hakunikataza, wala hakusema neno. Nikamwambia, “Kunyamaza kwako njo kunanifukuza, baba, si baba mudogo.” Nikaondoka.

Mdogo wangu ndiye aliyempigia baba mdogo simu. Alimwambia alete bunduki, kwa sababu yaya, yaani mimi dada yake mkubwa, anasema anajua ugonjwa wake, na yeye mwenye kidonda anataka kusikia. Mwenye kidonda hakataliwi. Baba mdogo akapanda jioni, akaja na wazee wale wale, wakalala kwetu. Nilimwomba jambo moja tu: bunduki ilale nje, chini ya paa la jiko, kama ilivyolala mlimani. Akakubali, kwa dharau. Chifu na wanajeshi wa kituo tuliwaarifu mapema, maana kwetu mlio usiotangazwa unaweza kufanya kijiji kizima kibebe magodoro na kukimbia.

Kulipopambazuka tulitoka kwenda nyuma ya nyumba, penye kilima cha udongo kisicho na mtu nyuma yake. Kulikuwa na baridi nzuri, baridi niliyoiombea. Mdogo wangu alikuja na fimbo, akaketi juu ya kinu kilichopinduliwa. Niliweka kopo kuukuu mbele ya kilima.

“Baba mudogo,” nikasema, “piga we mwenyewe. Bunduki ililala Baraka siku zote hizi. Haijaona miguu yangu. Si inakupenda?”

Akatia risasi, akavuta nyundo, akalenga.

*Tk*.

Akataka kuifungua. “Ngoja!” nikapaza sauti. “Ielekeze kwa kilima, ngoja. Kuna fataki zinachelewa.” Hakupenda kuamrishwa, lakini alingoja. Nilimwona baba akiinua kichwa, kwa sababu yalikuwa maneno yake.

Risasi ilipotolewa niliiomba, nikawaonyesha kitako chake. Kwenye fataki kulikuwa na alama ndogo sana, kama ya ukucha wa mtoto. Kisha nikatoa mfukoni ganda la risasi ya zamani, iliyolia vizuri. Fataki yake ilikuwa na shimo. Niliwapitishia wazee vyote viwili, mkono kwa mkono, waviguse. Nikachukua bisibisi ya baba, nikakaa chini, nikaweka ile sahani mapajani. Hakuna aliyenipa ruhusa na hakuna aliyenizuia. Nilitoa skrubu, nikautoa msumari. Ulitoka umevaa mafuta mazito ya rangi ya chungwa, yamechanganyika na masizi. Nikayapangusa kwa kidole, nikampelekea baba mdogo kidole changu mbele ya pua.

“Onja. Ni mawese.”

Hakuonja. Nikausafisha msumari na kitobo kwa mafuta ya taa na unyoya, nikapangusa mpaka vikakauka, nikarudisha kila kitu, skrubu ya mwisho ikakaza. Nikasimama, nikasema sasa italia, na risasi ile ile iliyokataa.

Baba mdogo alikuwa amefikiri wakati mimi nafanya kazi. “Ikilia, italia kwa sababu leo haujairuka,” akasema. “Hapo utakuwa umeonesha nini?”

Wazee wakaitikia. Na kusema haki, alikuwa na hoja. Nilibaki nimeshika bunduki tupu, mikono inanuka mafuta ya taa. Niiruke mbele yao? Ningeweza. Lakini kuiruka mimi mwenyewe, mbele ya wazee, ingekuwa tusi, na baada ya tusi hakuna ambaye angesikia mlio.

Baba ndiye aliyesimama. Alinijia akipapasa kidogo kwa sababu ya macho yake, akaichukua bunduki mikononi mwangu. Akaivunja kiunoni, akaingiza kidole kwenye tundu kuhakikisha ni tupu, kama alivyotufundisha. Akainama, akailaza kwenye majani yenye umande, mbele ya miguu yangu.

“Ruka, mama,” akasema.

“Mukubwa!” baba mdogo akapiga kelele.

“Ruka.”

Niliiruka. Nilikwenda na nikarudi, ili mtu asiseme mguu haukufika. Baba akaiokota, akanipa. Nikatia ile risasi yenye alama ya ukucha, nikafunga, nikaibana vizuri begani, nikavuta nyundo. Nililitazama kopo, nikatazama kilima nyuma yake. Kidole changu kikaachilia.

Ililia mpaka mbwa wa kijiji wote wakajibu. Bega likapigwa, kopo likatoweka, na harufu ya baruti ikatujia pamoja na ukungu. Nilikuwa na furaha kubwa ambayo sijawahi kuiombea radhi mpaka leo.

Wazee walitazamana. Baba mdogo alikwenda mpaka kwenye kilima, akalitafuta kopo, akalirudisha limetoboka, akaligeuza geuza. “Basi,” akasema. Ni neno dogo, lakini yeye hulitoa mara chache.

Baba alikuwa ameingia jikoni. Alitoka na kile kichupa chekundu na unyoya wake. Akasimama mbele ya mdogo wangu, mbele ya ile fimbo na ule mguu.

“Mafuta ilikuwa ya mukono yangu,” akasema. “Muguu yako, ni mimi. Dada yako hana kintu. Na mi nilijua tangu alikuja kuniambia kwa mukeka, nikanyamaza, kwa sababu nilisikia aibu.”

Mdogo wangu alilia, akamshika baba mkono. Mimi sikulia. Nilikuwa nimelia vya kutosha hospitalini, na bado kulikuwa na kipande cha hasira ndani yangu ambacho sikutaka kukilowesha. Nilikwenda kupika chai ya wageni, kwa sababu hata mtu aliyetaka kukufukuza, akilala kwenu, anakunywa chai.

Siku hizi vijana wanaotaka kuanza kuwinda wanaletwa kwangu, na wengine ni wasichana. Kabla ya kuwaeleza fataki na msumari naifungua bunduki, naihakikisha tupu, nailaza chini, na kila mmoja anairuka. Kisha nawaambia: sasa mmemaliza kuruka. Bunduki yenye risasi hairukwi na mtu yeyote, kwa sababu kidole cha mguu kikinasa kifyatulio, haiulizi kama wewe ni mwanamume au mwanamke. Wazee wetu walikuwa na nusu ya neno. Nusu nyingine walitubebesha wanawake.

Lakini nilitaka kumalizia na asubuhi iliyofuata ile ya kopo. Niliamka mapema, nikazifunga bidoni kwenye pikipiki kuteremka Baraka. Hakuna aliyekuwa amesema lolote kuhusu mimi na watoto kuondoka au kubaki. Baba mdogo alikuwa amekwisha kunywa chai na kwenda zake, na mdogo wangu alikuwa anasimama kwa mguu wake. Ndiyo siku waliyoipanga ya mimi kutoka. Baba alikuwa ameketi kwenye kizingiti cha jiko, bunduki imefunguliwa mapajani, anapangusa mtutu kwa kitambaa kikavu. Nikamuaga kwa kichwa tu. Dereva akawasha pikipiki.

“Mama,” baba akaita. “Kule Baraka utafute mafuta ya cherehani.”

“Nimesikia, baba.”

“Na urudi.”